Deni, Jina na Nyumba: Tajiriba ya Magogoni

Kiswahili kina hazina kubwa ya semi zinazohusu deni, na takriban zote zinatuasa tujihadhari nalo. Kukopa harusi, kulipa matanga. Dawa ya deni ni kulipa. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi aliyewahi kwenda nyanjani kukusanya methali atashuhudia kwamba wazee huzitamka hizi upesi kuliko nyingine, tena kwa sauti ya mtu aliyeonja. Muungwana, kwa mtazamo wa semi hizo, ni yule asiyedaiwa na mtu. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikijiandaa kuomba mkopo wa nyumba, wa kwanza katika ukoo wetu, na katika maandalizi hayo nimekutana na msomaji asiyezijua methali hizi. Kwake yeye, mtu asiyewahi kudaiwa ni karatasi tupu, na karatasi tupu haikopeshwi mamilioni. Katika makala haya ningependa kumweleza msomaji wa jarida hili, hususan yule anayekaribia kuhitimu, jinsi msomaji huyo wa mbali anavyotusoma, na namna tunavyoweza kujisoma sisi wenyewe kabla hajatufikia.

Magogoni, nilikozaliwa na ninakoishi hadi leo, ni mtaa wa Kisauni, upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Nyumba yetu ni ya mama. Ardhi iliyo chini yake si yake. Mgeni atokaye sehemu nyingine za Kenya huona jambo hili kuwa kitendawili, lakini kwetu ni desturi kongwe: mtu hujenga nyumba ya mawe au ya udongo juu ya shamba la mwingine kwa idhini yake, akalipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka, na nyumba ikawa mali yake ya kurithisha na hata ya kuuza, ilhali ardhi inabaki kuwa ya mwenye shamba. Mizizi ya hali hii ni mirefu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wote waliodai kumiliki ardhi katika ukanda wa pwani wafike mbele ya afisa wa serikali na kuthibitisha madai yao; ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na nyaraka na maarifa ya ofisi walipata hati. Wengi walioishi na kulima bila karatasi hawakupata kitu, na vizazi vyao ndivyo vilivyokuja kulipa kodi kwa vizazi vya wale wenye hati.

Mama na marehemu baba waliijenga nyumba yetu mwaka 1994. Mwenye shamba alipofariki, warithi wake walikubaliana kuigawa ardhi viwanja na kuiuza, kila kiwanja na hatimiliki yake. Kwa hisani, na nadhani pia kwa kuhofia kesi, waliwapa wakazi waliopo nafasi ya kwanza ya kununua kwa muda wa miezi 24. Asiyenunua atalipwa fidia ya nyumba yake kwa makadirio yao, kisha ahame. Hicho ndicho chanzo cha safari yangu na kaka yangu katika ulimwengu wa mikopo. Hatukuanza kwa tamaa ya kuwa na nyumba. Tulikuwa nayo tayari. Tulianza kwa sababu nyumba ambayo mtaa mzima unaitambua kuwa yetu haiwezi kuwekwa rehani popote, maadamu benki huandikisha dhamana yake juu ya hatimiliki ya ardhi na sisi hatuna.

Tafakari, msomaji mpendwa, jinsi mtu anavyojulikana katika mtaa kama wetu. Mwenye duka jirani ana daftari la kurasa zilizokunjamana ambamo majina yetu yote yameandikwa. Anajua nani hulipa mwisho wa mwezi, nani hulipa nusu nusu, na nani hubadilisha njia ya kwenda msikitini ili asipite mbele ya duka. Mama anapomtuma mtoto kuchukua unga na mafuta, haulizwi kitambulisho. Katika chama cha akina mama cha kila Jumamosi, mzunguko wa fedha umekwenda miaka na mikaka bila karatasi ya wakili, kwa sababu kila mmoja anamjua mama wa mwenziwe. Hii ndiyo sifa ya mkopaji katika maana yake ya asili: jina jema linalohifadhiwa katika vichwa vya watu wanaokuona kila siku. Methali zetu za deni zilitungwa katika mazingira kama hayo, ambamo anayekudai anakujua uso. Aibu ndiyo iliyokuwa riba yake.

Msomaji wa mbali ninayemzungumzia hana macho hayo. Nchini Kenya anawakilishwa na kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu kuweka kumbukumbu za mikopo, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni za kwanza za shughuli hii zilitangazwa mwaka 2008 na kuanza kutumika mwaka 2009. Zikaandikwa upya mwaka 2013 na tena mwaka 2020. Awali benki zilipashana habari za walioshindwa kulipa tu. Ni kanuni za 2013 zilizofungua mlango wa kuandikwa hata mema ya mkopaji, kwamba alikopa kiasi fulani na akalipa kwa wakati. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa, kwani Wakenya wengi bado wanaamini kwamba faili hizo ni orodha ya wakosaji peke yao. Tunasema "fulani yuko CRB" kama tunavyosema fulani yuko rumande, ilhali kila aliyewahi kukopa benki au kwa simu ana faili humo, awe mlipaji au mkaidi.

Nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili, sina budi kusema neno kuhusu istilahi. Herufi hizo tatu za Kiingereza zimeshika midomoni mwetu kwa sababu hatukuwahi kuwapa watu jina la haraka. Kuna wanaosema "orodha nyeusi", tafsiri sisisi inayolipaka tope hata faili jema. Mimi katika makala haya nasema "kumbukumbu za mikopo", na ile hesabu inayotolewa mwishoni naiita "alama za mkopaji". Metropol, kwa mfano, hutumia kipimo cha kuanzia 200 hadi 900. Mkopaji anapopanda, ndivyo anavyohesabiwa kuwa salama zaidi. Wanaistilahi watanisahihisha, na nitafurahi.

Kila raia ana haki ya kupewa ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Niliomba zangu kwa kampuni zote tatu, na huo ndio ushauri wa kwanza ninaoweza kuutoa, kwa sababu wakopeshaji hawatumii kampuni moja na faili hazilingani. Nilizichapisha, nikakaa nazo mezani pamoja na kalamu nyekundu kama ninavyokaa na insha za wanafunzi wangu wa kidato cha tatu.

Ripoti ya mikopo ni matini ya ajabu. Mhusika mkuu ni wewe, lakini hukuandika hata sentensi moja. Wasimulizi ni wakopeshaji wako, kila mmoja na sura yake: tarehe ya kukopa, kiasi, salio, idadi ya siku za kuchelewa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwezi ule mgonjwa alilazwa, wala kwamba mshahara ulichelewa. Katika masomo yetu tunafundishwa kumwuliza msimulizi anajua nini na anaficha nini, na mazoea hayo yalinifaa kuliko nilivyotarajia. Katika moja ya ripoti zile nilikuta mkopo wa simu wa mwaka 2021, wa benki ambayo sitaitaja, ukionyesha kwamba nilibakisha shilingi 1,140 na kwamba salio hilo lilikuwa limekaa zaidi ya miaka miwili bila kulipwa. Mkopo ule niliulipa wote siku mbili kabla ya tarehe yake. Ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha malipo ulikuwa bado kwenye simu yangu.

Ilinichukua majuma saba kuiondoa sentensi hiyo moja. Kampuni ya kumbukumbu haina mamlaka ya kubadilisha kitu kwa neno la mkopaji. Hupokea malalamiko, huyapeleka kwa mkopeshaji, na mkopeshaji ndiye husema ndiyo au la. Nilijaza fomu ya pingamizi, nikaambatisha ujumbe wa malipo na taarifa ya akaunti, nikaandikiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Baada ya majuma matatu ya kimya nilikwenda kwenye tawi la benki ile nikiwa na nakala mbili za kila karatasi na nikaomba nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Kijana wa dawati la huduma alinitazama, akasema, "Mwalimu, si elfu moja tu? Ungelipa tena uishe." Nadhani alitaka kunisaidia. Nikamjibu kwamba nikiilipa tena nitakuwa nimekiri kwamba sikuilipa, na faili litaandika kwamba nilichelewa miaka miwili. Kwa mujibu wa kanuni, habari za mkopo ulioshindikana hubaki katika kumbukumbu kwa miaka mitano tangu siku ulipomalizwa kulipwa. Elfu moja ile ingenifuata hadi katikati ya miaka ya thelathini. Hatimaye iligundulika kwamba malipo yangu yaliingizwa katika akaunti nyingine. Barua ya marekebisho ilitoka, nami nikasubiri mwezi mmoja nikaomba ripoti upya kuhakikisha kwamba barua hiyo imefika.

Namsimulia msomaji haya kwa urefu kwa sababu kosa la aina hii haligunduliki mpaka siku ya kuomba mkopo mkubwa, na siku hiyo huwa hakuna majuma saba. Wenzetu wanaotafuta kazi za umma wanalijua hili. Hukutana na CRB kwa mara ya kwanza wanapoambiwa waambatishe cheti cha kutodaiwa pamoja na kile cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, na wengine huona majina yao yakiwa yamekwisha kuchafuka kabla ya mshahara wa kwanza.

HELB yastahili aya yake. Wengi wetu tumesoma kwa fedha za bodi hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na wengi hatukuuhesabu kuwa mkopo. Tuliuita "pesa za HELB" kama tunavyosema mvua za masika. Ukweli ni kwamba ndio mkopo wa kwanza wa maisha ya msomi wa Kenya, na unaweza kuwa ukurasa bora au mbaya kuliko yote katika faili lake. Marejesho yanatarajiwa kuanza ndani ya mwaka mmoja baada ya kuhitimu, riba imekuwa asilimia 4 kwa mwaka, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Mimi nilibahatika kuajiriwa mapema, na mwajiri hukata marejesho moja kwa moja kwenye mshahara. Ripoti yangu ina miezi 48 mfululizo ya mkopo huo isiyo na doa, na afisa wa mikopo aliniambia kwamba mstari huo mmoja ulimtuliza moyo kuliko barua ya mwalimu mkuu. Mwenzangu wa darasa la uzamili, aliyekaa miaka mitatu bila ajira, ana simulizi tofauti. Faini imekuwa kubwa kukaribia mkopo wenyewe. Nilimshauri jambo ambalo bodi yenyewe hulikubali, yaani kwenda kuandikiana mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kiasi kidogo kilichoandikwa kina sauti kuliko ahadi kubwa isiyo na tarehe.

Faili la kaka yangu lilikuwa tatizo la namna nyingine. Yeye ni fundi wa umeme wa kujitegemea, anayejulikana kuanzia Bakarani hadi Mtopanga, na tangu utotoni amezishika methali zile kikamilifu. Hakukopa benki, hakukopa kwa simu, hakuwa na kadi wala hundi. Malipo yake alipokea mkononi, na kilichozidi alikiweka kwa mama. Mtaani ni mtu wa kuaminika kuliko mimi. Naam, mwenye duka humpa funguo akienda kuswali. Ripoti yake ilikuja ikiwa na jina, nambari ya kitambulisho na kurasa zisizo na kitu.

Hapa ndipo nilipolazimika kubishana na methali. Kumwambia mtu mwadilifu akope ili aonekane mwadilifu ni maneno magumu, na kaka aliyapokea kwa kicheko kikavu. Tulichofanya ni hiki. Alifungua akaunti ya benki na kuwataka wateja wake walipie humo au kwa nambari ya biashara ya M-Pesa, ili mapato yawe na mfululizo unaosomeka. Mkopeshaji wa mtu asiye na mshahara hutaka kuona taarifa za miezi sita au kumi na miwili. Akajiunga na chama cha akiba na mikopo, akaweka hisa kila mwezi kwa tarehe ile ile. Baada ya miezi sita alichukua mkopo mdogo wa kununua mashine ya kutobolea ukuta, ambayo aliihitaji kwa vyovyote, akaulipa kwa miezi kumi. Mkopo mmoja tu, wa chombo cha kazi, ulioandikwa mahali panaposomwa.

Tulijiepusha na njia iliyo rahisi zaidi, yaani mikopo ya simu. Tangu M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019, kukopa kumekuwa kwepesi kuliko kusalimiana. Baina yao zikaibuka programu tele za wakopeshaji wasiosimamiwa na yeyote, waliowapigia simu hata shemeji wa mdaiwa. Mwaka 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji hao wasiosimamiwa kupeleka majina kwa kampuni za kumbukumbu, na sheria ya mwaka 2021 ikawataka wachukue leseni. Hata hivyo, Novemba 2022, Benki Kuu ilipotangaza mpango wa benki kupunguza angalau nusu ya madeni ya simu yaliyokwama, waliolengwa walikuwa zaidi ya watu milioni 4. Mpango huo ulikwisha Mei 2023. Mkopo wa simu uliolipwa kwa wakati hauna ubaya katika faili. Ila mtu mwenye mikopo kumi na miwili ya simu kwa mwaka, hata akiilipa yote, anamweleza mkopeshaji wa nyumba kwamba mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi.

Na sasa hesabu, ambazo wanafasihi huzikimbia. Nchi yetu ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu katika mabenki, kwa watu waliohesabiwa kuwa milioni 47.6 mwaka 2019. Sababu kubwa ni riba. Mkopo wa shilingi milioni 3 wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 15, hulipwa takriban shilingi 39,500 kwa mwezi. Kwa asilimia 9.5, mkopo uo huo hulipwa takriban 28,000. Tofauti hiyo ya miaka 20 inakaribia milioni 2.8, yaani karibu nyumba nyingine. Ndiyo maana serikali na wabia wake waliunda kampuni ya kuwakopesha wakopeshaji wa nyumba, KMRC, iliyopewa leseni mwaka 2020. Yenyewe haimkopeshi mwananchi. Huzipa benki na vyama vya akiba fedha za bei nafuu ili navyo vikopeshe kwa riba isiyofika asilimia 10. Vyama vya asili ya walimu, kama Mwalimu na Imarika cha Kilifi, vimo miongoni mwa wanahisa wake. Walipoanza walilenga wenye kipato kisichozidi shilingi 150,000 kwa mwezi, na kiwango cha mkopo nje ya eneo la Nairobi kilikuwa milioni 3, kabla ya kuongezwa baadaye.

Mwalimu hawezi kukopa apendavyo hata faili lake likiwa jeupe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Chukua mshahara wa 54,000: makato hayapaswi kupita 36,000, na humo mna kodi ya mapato, bima ya afya, pensheni, HELB, na ile asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za bei nafuu. Kinachobaki kwa mkopo wa nyumba ni kidogo mno. Kwa hivyo "kuboresha alama" kwa mwajiriwa huanza kwa kusafisha hati ya mshahara: kumaliza mikopo midogo ya chama, na kutochukua mwingine miezi mingi kabla ya kuomba. Nami nikiwa peke yangu nisingefika. Tuliamua kuomba pamoja, mimi na kaka, na ndipo faili lake tupu likawa jambo la kufa na kupona.

Liko jambo la udhamini pia. Katika vyama vya akiba mwanachama hukopa kwa kudhaminiwa na wenzake, na walimu hudhaminiana kama wanavyoazimana chaki. Akiba uliyomdhaminia mwenzio haitumiki tena kwa mkopo wako mpaka amalize, na akikimbia, deni hukatwa kwako. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini Antonio wa Mabepari wa Venisi, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, alikubali kuweka nyama ya mwili wake kwa ajili ya mkopo wa rafiki. Siku hizi huwajibu kwamba waende chumba cha walimu tarehe 28 ya mwezi. Kabla ya kuomba nilisubiri wawili niliowadhamini wamalize, na mmoja nilimwomba kwa adabu atafute mdhamini mwingine. Alikasirika. Tumeanza kusalimiana tena hivi karibuni.

Ugumu mkubwa ulitoka nyumbani. Mama alipoelewa kwamba fedha za bei nafuu za chama zina riba, hata kama ni asilimia 9.5, alisema maneno machache. "Mwanangu, deni nalijua. Riba siijui, na sitaki kujuana nayo uzeeni." Hakuna hoja ya kiuchumi inayomjibu mama namna hiyo. Nilimkumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni mbele ya mashahidi, na kwamba ile inayoifuata inataja rehani, neno tulilolirithi tukalifanya letu. Akanijibu kwamba kuandika hakukatai; anachokataa kinajulikana.

Pwani hii ina uzoefu mrefu wa kutafuta njia baina ya haja ya fedha na katazo la riba. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, mwenye shamba au nyumba aliyetaka fedha alimuuzia mali yake mkopeshaji kwa sharti la kuweza kuinunua tena ndani ya muda, muamala ulioitwa kwa Kiarabu bay khiyar. Kisha akaendelea kukaa mle mle akilipa kodi. Fahad Ahmad Bishara ameuchambua kwa kina ulimwengu wa hati hizo katika kitabu chake A Sea of Debt cha mwaka 2017. Wengi waliorudi kununua walirudi na mali yao, na wengi hawakurudi.

Benki za Kiislamu zilianza kuhudumu Kenya mwaka 2008: Gulf African Bank, na First Community Bank ambayo leo inaitwa Premier Bank. Kwa nyumba hutumia, pamoja na njia nyingine, ushirika unaopungua: benki na mteja hununua mali kwa pamoja, mteja akalipa kodi kwa fungu la benki huku akilinunua kidogo kidogo hadi liishe. Wako wanaosema kodi hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Mjadala huo nawaachia masheikh. Mama alimwuliza wake, akaridhika. Lakini msomaji asidhani kwamba huko faili halisomwi. Fomu ya kwanza niliyotia saini ilikuwa idhini ya kuvuta kumbukumbu zetu za mikopo.

Makadirio tuliyopewa yalikuwa juu kuliko ya chama changu, kwa maelfu ya shilingi kila mwezi. Nilifanya hesabu mara tatu. Kaka alinyamaza siku mbili, kisha akasema tujenge vyumba viwili badala ya vitatu, yeye aendelee kulala sebuleni kama alivyozoea, na tuombe milioni 2.2. Mama hakuambiwa tofauti hiyo ya bei. Pengine ataisoma hapa.

Yamebaki ya kawaida. Arubuni ipo, kwa sehemu kutoka kwa zile fedha ambazo kaka alikuwa akiziweka kwa mama. Ushuru wa stempu, ambao katika mji kama huu ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi, unapaswa kulipwa kando, na wengi husahau kuuweka katika hesabu. Mpimaji wa warithi hajakamilisha mipaka ya upande wa kisima, na bila hatimiliki ya kiwanja chetu benki haiwezi kuandikisha chochote. Miezi michache tu imesalia. Ripoti zetu mbili, yangu na ya kaka ambayo sasa ina mkopo mmoja uliolipwa wote, tulizipeleka kwa wakili juma lililopita. Alizipitia kwa dakika chache, akazifunga, kisha akauliza kama mama amehifadhi stakabadhi zozote za kodi ya ardhi, maana warithi wanaweza kupinga kwamba sisi ni miongoni mwa wakazi wenye nafasi ya kwanza. Mama alikwenda chumbani akatoka na bati la biskuti. Zilikuwamo zote, tangu 1994, zimefungwa kwa uzi mwaka baada ya mwaka, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa penseli na mwenye shamba mwenyewe. Nimeanza kuzitoa nakala.